Mti Wangu Niliukata Mara Mbili

Nilipima mara tatu.

Mafundi walikuwa wameshaondoka. Ua mzima umejaa unga wa mbao, na vipande vya shina vimelala kwenye nyasi kama magoma yaliyosahauliwa baada ya ngoma kwisha. Nilipiga magoti mbele ya kipande kimoja, kile kilichotoka usawa wa kifua changu, nikaweka ncha ya futi ya chuma katikati ya mduara na kuivuta hadi kwenye gome. Sentimita 28. Kisha nikapima ile sehemu ngumu peke yake, nyeupe, iliyouzunguka uozo wa kahawia wa katikati. Sentimita 11.

Nikachukua simu nikagawanya. Asilimia 39.

Nikagawanya tena, nikidhani nimebonyeza vibaya.

Wiki sita zimepita na namba ile imekataa kunitoka. Naosha vyombo, nayo ipo. Naingia kulala, nayo ipo. Nimeona niiandike, labda itapata pa kukaa.

## Kukata kichwa

Mjakaranda huo tuliukuta tulipohamia. Ulikuwa bado haujanenepa sana, na tawi lake moja lilikuwa limeanza kuelekea kwenye paa, juu ya chumba cha binti yetu. Nilikuwa na hofu ya kila kitu kilichokuwa juu ya kichwa cha mtoto yule, kuanzia feni hadi taa. Tawi likaingia kwenye orodha.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Nikamwita fundi.

Alikuja na msumeno wa mnyororo, kamba moja, na vyuma vyenye miiba alivyovifunga miguuni ili apande. Akautazama mti kwa dakika moja hivi. "Mama," akaniambia, "huu tukiukata kichwa utatulia."

Nililipenda neno hilo. Kutulia.

Akapanda, kila hatua mwiba ukizama kwenye gome. Mimi nilisimama chini nikishangaa wepesi wake. Sikujua kwamba kila mwiba unatoboa jeraha, na kwamba wapogoaji wanaojali kazi yao hawavai vyuma hivyo isipokuwa mti wenyewe unaondolewa. Alikata shina lote la juu kwenye mita nne hivi, yakabaki magutu matatu yanayotazama angani. Kisha akashuka kwenye lile tawi la paa, akalikata sambamba kabisa na shina, laini kama ukuta uliopigwa lipu.

Nikapenda na hiyo pia. Ilikuwa safi.

Kuhusu rangi, siwezi kumsingizia mtu. Aliniambia jeraha lipakwe kitu, akaenda zake. Mimi ndiye niliyesimama na kopo la rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka geti, nikalipaka jeraha lile mikono miwili kwa uangalifu, kama ninayemfunga mtoto bendeji.

## Mti hauponi kama sisi

Miaka mingi niliamini kwamba mti ukikatwa hupona kama ngozi yetu inavyopona. Si kweli, na aliyetumia maisha yake kuonyesha hivyo ni Mmarekani aliyeitwa Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake. Wengi kabla yake walikuwa wakikata magogo kwa upana na kutazama mduara. Yeye alichukua msumeno wa mnyororo akayapasua mashina kwa urefu, maelfu na maelfu, ili aone uozo unasafiri kwenda wapi.

Alichokiona, na kukichapisha mwaka 1977 kwa jina la CODIT, yaani namna mti unavyoufungia uozo vyumbani, ni hiki: mti hautengenezi upya sehemu iliyoharibika. Unaizungushia ukuta. Unaziba njia za maji juu na chini ya jeraha, na huo ndio ukuta dhaifu kuliko yote, ndiyo maana uozo hupenda kusafiri kwa urefu. Unaweka kizuizi kuelekea ndani na kingine kuelekea pembeni. Kisha, baada ya jeraha, tabaka lile hai lililo chini ya gome linajenga ukuta wa nne, imara kuliko mingine, kati ya mbao zilizokuwapo siku ya jeraha na zote zitakazoota baadaye.

Hii sentensi ya mwisho nilirudia kuisoma nikiwa nimesimama.

Maana yake ni kwamba uozo unaweza kula mti wote uliokuwapo siku ulipoukata, lakini kwa kawaida hauli ulioota baada ya hapo. Jeraha linabaki ndani na tarehe yake.

Basi nikaenda kutafuta picha. Ninayo ya binti yangu akiwa na miaka minane, wiki ileile tuliyohamia, amekumbatia shina na shavu ameliegemeza kwenye gome. Mikono yake inakutana upande wa pili, unaona vidole vimeshikana. Uozo nilioupima ulikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 17. Mzunguko wake unakuja kama sentimita 107. Mkumbatio wa mtoto wa miaka minane, barabara.

Yaani kilichooza ni mti ule aliokuwa ameukumbatia. Wote. Ulioota baada yake ulikuwa mzima.

Na rangi yangu ya geti? Shigo alizijaribu dawa za kupaka kwenye majeraha kwa miaka, akakuta hazizuii uozo. Jeraha linalokatwa mahali pake halihitaji rangi, na lililokatwa vibaya haliokolewi nayo. Mimi niliufunga mlango kwa rangi huku adui ameshaingia.

Mahali pake ni wapi? Tazama tawi lolote pale linapotoka kwenye shina. Utaona uvimbe kama kola ya shati, na juu yake mkunjo wa gome. Kola ile ni mali ya shina, na ndani yake ndimo mti unamojenga kinga tawi linapokufa. Kata nje kidogo tu ya kola, bila kuacha gutu refu, na mti utalizungushia jeraha mdomo wa gome mpya hadi ulifunike. Kata sambamba na shina, laini kama lipu, umeinyoa kola pamoja na kinga yake, na jeraha umelikuza mara mbili bure.

Usafi ule nilioupenda ndio uliokuwa ugonjwa.

## Mvua isiyo na upepo

Mwaka huu, usiku mmoja, mvua ilinyesha bila upepo. Mvua ya utaratibu, ile ya kumlaza mtu. Saa nane nikasikia mlio kama wa kitambaa kizito kinachochanwa, kimya kifupi, kisha kishindo.

Asubuhi tukakuta tawi nene kama paja limelala kwenye benchi ambalo binti yangu hukaa kusoma. Urefu wa mita tano. Kwenye kitako chake palikuwa na ulimi wa gome, mrefu na mwembamba. Lilikuwa limebanduka, kama stempu inavyobanduka kwenye bahasha.

Hilo ni jambo la pili ambalo kukata kichwa hufanya, na nadhani wenye nyumba wengi hatulijui. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, mti unashtuka na kutoa machipukizi mengi kwa pupa, kutoka kwenye macho yaliyolala chini ya gome. Mjakaranda hasa una tabia hiyo, unatoa fimbo zilizonyooka juu kama mikuki. Tawi la kawaida huzaliwa pamoja na shina, wakanenepa pamoja mwaka hadi mwaka, nyuzi zao zikafumana hadi ndani. Chipukizi la namna hii limeshikwa na tabaka la nje tu. Nalo linakua haraka, linanenepa, linajaza majani, linabeba maji ya mvua, na chini yake gutu lilipokaa linaoza.

Miaka tisa nilikuwa nikiangalia kilele kile cha kijani na kusema mti umependeza.

Umetulia.

## Mzee wa nyundo ya mbao

Safari hii nilimtafuta fundi mwingine. Mzee, hana haraka, begi lake alilitua getini akaliacha hapohapo. Alizunguka mti mara mbili mikono nyuma. Akachuchumaa akakagua pale shina linapoingia ardhini, akisukumasukuma udongo kwa vidole. Baadaye aliniambia alikuwa akitafuta uyoga, wale wanaojishikiza kwenye tako la mti kama rafu, maana mara nyingi huo ni ujumbe kutoka kwenye mizizi. Hakuwakuta. Alitazama pia kama udongo umepasuka upande mmoja au umeinuka. Haukuwa.

Kisha akachomoa nyundo ya mbao akaanza kugonga shina, kuanzia chini akipanda. Ko, ko, ko. Kwenye usawa wa kifua, karibu na jeraha langu, sauti ikabadilika. Du.

"Nani aliupogoa huu?"

"Mimi, mzee. Nilimwita fundi."

Hakusema kitu. Nashukuru, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kujitetea.

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza, kuujenga upya: kuchagua machipukizi machache yenye mshiko mzuri kwenye kila gutu, kuyaondoa mengine kidogo kidogo kwa miaka mitatu au zaidi, na yale yanayobaki kuyapunguza urefu ili yasibebe mzigo mkubwa. Hatoondoa zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka, alisema, na hata hiyo robo ni nyingi kwa mti uliochoka. Ya pili, kuuondoa.

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu humuuliza fundi. "Ungekuwa wako, mzee?"

"Wangu ningeuacha," alijibu. "Lakini mama, mimi silali chini yake."

Natamani angeishia kwenye sentensi ya kwanza.

Siku hiyo, ili safari yake isiwe bure, alitoa tawi moja kavu kwenye mti mwingine uliopo pembeni, nami nikaona kazi inavyopaswa kuwa. Mkato wa kwanza alianzia chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, akaingia kiasi cha theluthi. Wa pili akaupiga juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi likadondoka bila kuchana gome. Likabaki gutu jepesi, na hilo ndilo alilolikata kwa utulivu nje ya kola. Mikato mitatu. Yule wa miaka tisa iliyopita alikata mmoja.

## Tulivyoamua

Mume wangu alitaka mti ubaki. Mimi nilitaka uondoke. Tulibishana siku tatu, na nikiwa mkweli, hatukuwa tukibishana kuhusu mti. Yeye alizungumzia kivuli, ndege, joto la chumba. Mimi nilizungumzia ule mlio wa kitambaa. Kila alipotoa hoja, nililitazama benchi.

Nilitafuta habari usiku, nikizipokea zile tu zilizokuwa upande wangu. Nilikutana na mizizi inayosemekana kula misingi ya nyumba, nikaongeza kwenye hoja zangu, ingawa nyumba yetu haina ufa hata mmoja. Ukweli ni kwamba mizizi mingi ya mti hukaa kwenye nusu mita hivi ya juu ya ardhi na kutawanyika mbali kupita kivuli chake. Matatizo ya misingi hutokea zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi unaonywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Na kuung'oa mti mkubwa kwenye udongo wa namna hiyo kunaweza kuleta tatizo la upande wa pili, udongo ukavimba kwa maji ambayo mti haunywi tena. Hiyo sehemu sikumsomea mume wangu.

Siku ya nne akasema, "Basi, mama watoto, piga simu."

Binti yetu alikuwa amehamia kulala sebuleni tangu usiku wa mvua. Ana miaka kumi na saba. Hakuna kati yetu aliyemuuliza.

## Siku yenyewe

Nilitegemea mti uanguke. Ule mwanguko wa kwenye picha, watu wanapiga kelele, ardhi inatikisika. Mzee akacheka. Mti wa kuangushwa mzima unahitaji uwanja, na wasiohusika wakae umbali wa angalau mara mbili ya urefu wake. Sisi tuna paa upande huu, ukuta wa jirani upande ule, na waya wa umeme nyuma. Waya ule aliupa heshima yake mapema: akasema pasipo wenye umeme kuukata, yeye na vifaa vyake hawasogei ndani ya mita tatu, na hata hizo si kwa nyaya za msongo mkubwa. Mafundi wangapi nimewaona na ngazi ya chuma wameegemea waya?

Kwa hiyo mti ulishuka vipande vipande, kutoka juu kuja chini, kila kipande kimefungwa kamba na kuteremshwa. Mbao mbichi zina maji mengi ndani yake. Kipande cha shina letu cha nusu mita tu ni uzito wa kama kilo 100, na kijana aliyekuwa akishika kamba alikuwa ameizungusha kwenye tako la mti uleule ili msuguano umsaidie kubeba. Mti unabeba kamba inayouteremsha. Sikutaka kuliwaza sana hilo.

Ikafika saa nane mchana, pakawa na anga mahali palipokuwa na mti.

Nililotegemea kulisikia ni nafuu. Lilikuja joto. Jua likapiga moja kwa moja kwenye dirisha la binti yangu, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi pazia lake lilivyo jepesi.

## Ukuta wenye mlango

Sasa nirudi kwenye asilimia 39.

Kuna Mjerumani, Claus Mattheck, mwanafizikia wa Karlsruhe, aliyefundisha watu kuusoma mwili wa mti kama daktari anavyomsoma mgonjwa: uvimbe hapa, mkunjo pale, maana yake ni nini. Alilinganisha miti yenye shimo iliyovunjika na iliyosimama, akaja na kipimo ambacho kimeenea kwa wakaguzi wengi. Ukuta mzima ukiwa angalau asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina, hatari ya shina kuvunjika kwa sababu ya shimo si kubwa. Ukishuka chini ya hapo, anza kuogopa.

Mimi nilikuwa na 39. Niliisoma habari hiyo jioni mafundi walipoondoka, ndipo nikatoka nje na futi.

Ningeisoma wiki moja mapema, je? Hapo ndipo ninapozunguka kila usiku. Nikisema shina lilikuwa imara, sauti nyingine inaniambia kipimo kile kinafaa zaidi kwa shimo lililozungukwa na mbao nzima pande zote, na wako wataalamu wanaokipinga hata hapo. Langu lilikuwa na mlango, lile jeraha la tawi ambalo baada ya miaka tisa midomo ya gome ilikuwa bado haijakutana. Bomba lililopasuliwa ubavuni halina nguvu ya bomba zima. Halafu nikisema basi nilikuwa sahihi kuukata, nakumbuka kwamba kilichovunjika usiku ule kilikuwa chipukizi la juu, wala shina halikuguswa, na mzee alikuwa na dawa ya machipukizi. Miaka mitatu, uvumilivu, na benchi kusogezwa mita nne.

Benchi. Lina miguu minne na linabebwa na watu wawili.

Sikuwahi kufikiria kulisogeza.

Najua nitaulizwa, kwa hiyo nalisema: yapo matawi ambayo yakivunjika ni msiba, na mtu aliyepoteza mtoto kwa tawi hatasoma makala hii kwa subira. Mti uliokufa uliosimama juu ya chumba cha kulala uondolewe. Mti ulioanza kuegama ghafla baada ya mvua, huku udongo umepasuka nyuma yake, usisubiri hata kesho. Mti wangu haukuwa hivyo. Ulikuwa mti niliouharibu mwenyewe kwa hofu, kisha hofu ileile ikarudi baada ya miaka tisa ikaniambia, unaona, nilikuambia huu ni wa hatari.

Mume wangu anasema najitesa. Huenda. Jana nilimkuta amesimama mbele ya kipande kile, kidole gumba kwenye mpaka kati ya kahawia na nyeupe, akiufuata duara zima polepole. Mpaka huo ni mweusi, mwembamba kama mstari wa kalamu, na haukatiki popote isipokuwa pale kwenye mlango.

## Kisiki

Kisiki tulikiacha kwa sababu mashine ya kukisaga haikuwa na nafasi wakati ule. Mjakaranda ukikatwa hauelewi kwamba umekatwa. Wiki ya nne kimechipua, machipukizi kumi na moja, majani yale ya unyoya, laini mno.

Nilimpigia mzee simu kumwuliza. Akasema yakikaa yote yatakuwa kichaka. Ila mtu akitaka mti, achague moja, lile linalotoka chini kabisa karibu na udongo ambako litaota mizizi yake lenyewe, asiegemee lililoshikilia ukingo wa juu wa kisiki maana ukingo utaoza. Mengine ayaondoe taratibu. Na ahesabu hatua hadi kwenye ukuta wa nyumba kwanza. Nikahesabu. Sita.

Mashine inakuja Jumamosi.

Leo asubuhi nimetoka kumwaga maji nikakuta uzi mwekundu wa sufu umefungwa kwenye chipukizi moja, lile la chini kabisa. Fundo lake ni legevu, ili lisilikabe likinenepa. Binti yangu ameshaondoka kwenda shule.

Namba ya mwenye mashine ninayo hapa. Bado sijampigia.